Sindano ya kwanza haikuona saratani. Kwa nini madaktari wanataka kumchoma mama tena?

SWALI: Mama yangu ana miaka 58, yuko Mwanza, hajawahi kuvuta sigara. Alikohoa muda mrefu, akapewa dawa za kifua kikuu kwa miezi sita ingawa makohozi hayakuonesha vimelea. Hakupata nafuu. Picha ya CT imeonesha uvimbe wa sentimita 4 juu ya pafu la kulia, na tezi za katikati ya kifua zimevimba. Walimchoma sindano kupitia mgongoni. Majibu yakasema "tishu iliyokufa na seli nyeupe za damu, hakuna seli za saratani zilizoonekana". Sasa madaktari wanataka kupitisha mpira mdomoni wachome tezi, siyo uvimbe wenyewe. Baba mdogo amekataa kabisa, anasema saratani ikiguswa inasambaa. Ndugu wengine wanasema majibu yameshatoka mazuri, tunatafuta nini tena? Mama mwenyewe hajaambiwa tunachotafuta. Tumsikilize nani?

JIBU: Pole sana kwa kuuguza. Mimi ni daktari wa patholojia. Sindano wanachoma wenzangu. Kazi yangu ni kusoma ilichotoka nacho. Kwa hiyo nianze na hiyo karatasi ya majibu, halafu niende kwenye tezi, halafu kwa baba mdogo, ambaye hofu yake siidharau.

Karatasi inasema hakuna seli za saratani zilizoonekana. Hiyo ni habari ya kioo kilichowekwa chini ya hadubini, basi. Uvimbe wa sentimita 4, ukiwa wa mviringo, una ujazo wa zaidi ya mililita 30, na sindano nyembamba hutoa matone machache tu. Uvimbe mkubwa wa saratani mara nyingi hufa katikati kwa kukosa damu, ukawa kama papai lililooza moyo huku nje likionekana zima. Sindano ikitua pale katikati, hutoa tishu iliyokufa na seli nyeupe. Ikitua pembeni mno, hutoa pafu la kawaida lililobanwa. Maneno uliyoyanakili yananifanya nifikirie hali ile ya kwanza.

Sisi maabara tunayatofautisha majibu "mazuri" ya aina mbili. Yapo yenye jina: tumeona kifua kikuu na vimelea vyake, tumeona fangasi, au tumeona hamatoma, uvimbe usio wa saratani unaojulikana kwa sura yake. Majibu ya namna hiyo yanaeleza uvimbe umetoka wapi, na daktari ana pa kushika. Na yapo yasiyo na jina, kama haya ya mama yako. Hayaelezi chochote. Mtu mwenye uvimbe wa sentimita 4 uliobaki palepale baada ya miezi sita ya dawa za TB, akapata majibu yasiyo na jina, mimi namhesabu kuwa bado hajapimwa. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani na chama cha kimataifa cha wataalamu wa seli wana mfumo wa kuripoti seli za mapafu kwa makundi matano: sampuli isiyotosha, isiyo na saratani, yenye seli zisizo za kawaida, inayotiliwa shaka, na yenye saratani. Muulizeni daktari sampuli ya mama imewekwa kundi lipi. Nisingeshangaa jibu likiwa kundi la kwanza, kwamba haikutosha.

Sasa tezi. Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, kwa sababu wanadhani kipimo cha kuchukua kinyama mwilini kina swali moja tu: ni saratani au siyo? Maswali ni mawili. La pili ni: kama ni saratani, imefika wapi? Sindano iliyochoma uvimbe kwenye pafu, hata ikifanikiwa, inajibu lile la kwanza peke yake. Sindano iliyochoma tezi inayofaa, ikikuta saratani, inajibu yote mawili kwa mchomo mmoja. Ndiyo maana kanuni ya wataalamu wa kifua ni kuchoma mahali pale ambapo, pakikutwa saratani, patathibitisha hatua ya juu zaidi ya ugonjwa, ilimradi panafikika kwa usalama. Uvimbe wenyewe mara nyingi si mahali hapo.

Tumtazame mama yako kwa namba. Nachukulia kwamba ni saratani ya mapafu ya kundi lenye seli zisizo ndogo, ambalo ndilo takriban asilimia 85 ya saratani zote za mapafu. Uvimbe wa sentimita 4, tezi zote zikiwa safi, ni hatua ya kwanza, sehemu ya mwisho ya hatua hiyo. Saratani ikiwa imeingia tezi za mlangoni mwa pafu hilohilo la kulia, ni hatua ya pili. Ikiwa kwenye tezi za katikati ya kifua upande wa kulia, au zile zilizo chini ya pale bomba la hewa linapogawanyika, ni hatua ya tatu. Ikiwa imevuka kwenda tezi za upande wa kushoto, ni hatua ya tatu bado, lakini kwa kawaida upasuaji hauzungumzwi tena. Katika hali zote hizo uvimbe ni uleule wa sentimita 4. Aliyebadilisha kila kitu ni tezi yenye ukubwa wa punje ya harage. Toleo la tisa la mfumo wa kupanga hatua, lililoanza kutumika 2025, limekwenda mbali zaidi: linatenganisha mgonjwa ambaye saratani imeingia kituo kimoja cha tezi za katikati (kituo ni eneo la kifua lenye kundi lake la tezi) na yule ambaye imeingia vituo viwili au zaidi. Kwa hiyo tezi sasa zinahesabiwa kituo kwa kituo.

Utauliza: si CT imeshaonesha zimevimba? Imeonesha ukubwa. CT huiita tezi kubwa pale kipenyo chake kifupi kinapozidi milimita 10, na ukubwa ni shahidi dhaifu. Tafiti zilizokusanywa zinaonesha kuwa CT peke yake huwakosa karibu nusu ya wagonjwa ambao tezi zao za katikati zina saratani, kwa sababu saratani inaweza kukaa ndani ya tezi ya milimita 7. Na kwa upande wa pili, tezi inaweza kuvimba bila saratani yoyote. Kwetu jambo hili lina uzito kuliko Ulaya, maana TB ya zamani, TB ya sasa na vumbi la migodini vyote huvimbisha tezi za kifua. Hata kipimo cha PET, picha inayowaka pale seli zinapotumia sukari nyingi, ambacho kwa Kenya kinapatikana Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan na ile ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, huwaka kwenye TB karibu sawasawa na kinavyowaka kwenye saratani. Nimeona familia ikiambiwa "imesambaa" kwa sababu picha iliwaka, halafu sindano ikatoa kifua kikuu. Mtu asipewe hatua ya tatu kwa picha tupu ikiwa tezi inafikika kwa sindano.

Zamani njia ya kuzifikia ilikuwa moja. Eric Carlens wa Sweden alieleza mwaka 1959 upasuaji wa kukata juu kidogo ya mfupa wa kifua na kuingiza kifaa hadi kwenye tezi, mgonjwa akiwa amelazwa usingizi kamili. Bado unafanyika na una nafasi yake, nitairudia. Mpira wanaowaambia ninyi ni wa juzijuzi: kundi la madaktari wa Chiba, Japani, lilichapisha matokeo yake mwaka 2004. Kwa kifupi unaitwa EBUS. Ni mpira wa kuangalia njia za hewa wenye ultrasaundi kwenye ncha, unene wake haufiki sentimita moja. Ultrasaundi inaona tezi ng'ambo ya ukuta wa bomba la hewa, na sindano yenye unene chini ya milimita moja inatoboa ukuta ule daktari akiitazama kwenye skrini. Huwapata takriban 9 kati ya kila wagonjwa 10 wenye saratani kwenye tezi hizo. Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa 241 wa Uholanzi, Ubelgiji na Uingereza: walioanzia kwenye upasuaji wa kupima tezi, asilimia 18 waliishia kupasuliwa kifua bila faida, walioanzia kwenye sindano ya ultrasaundi, ilikuwa asilimia 7. Mwambie baba mdogo takwimu hiyo. Kama anaogopa kisu, sindano hii ndiyo inayowaepusha watu na kisu kisicho na maana.

Tukija kwenye hofu yake yenyewe. Imani kwamba saratani ikiguswa inasambaa haikutoka hewani. Watu wetu wengi hufika hospitali wamechelewa, wanapimwa, na miezi michache baadaye wanafariki. Jirani anaunganisha kipimo na kifo. Na seli kubaki kwenye njia ya sindano ni jambo linalojulikana, sitakuficha. Kwenye mapafu, sindano ikipita kifuani, hutokea kwa chini ya mgonjwa mmoja kati ya elfu. Zipo saratani ambazo sisi wenyewe hatuzichomi sindano kwa sababu hiyo, ya korodani ikiwa mfano. Mapafu hayamo kwenye orodha hiyo. Saratani iliyofika kwenye tezi ilisafiri yenyewe kwa mishipa ya limfu, wiki au miezi kabla ya sindano yoyote.

Kuna mahali pamoja ambapo wazo la baba mdogo linafanya kazi kweli, na madaktari wanalizingatia kila siku. Sindano inaweza kubeba seli kutoka tezi chafu na kuziacha kwenye tezi safi, si kwa wingi wa kuanzisha ugonjwa, bali kwa wingi wa kunidanganya mimi kwenye hadubini. Nikaripoti saratani kwenye tezi ya kushoto, na mgonjwa aliyestahili upasuaji akanyimwa. Kwa hiyo mpangilio ni lazima: kwa mama yako mwenye uvimbe wa kulia wanaanza tezi za kushoto, wanakuja za katikati upande wa kulia, wanamalizia na zile za mlangoni mwa pafu la kulia. Kila kituo kina namba yake, na kila namba ina kichupa chake chenye lebo. Nikipokea kichupa kimoja kilichoandikwa "tezi za kifua", naweza kusema kuna saratani, lakini siwezi kusema hatua. Nusu ya kazi imepotea hapo.

Nami kwenye tezi natafuta kitu kabla ya kutafuta saratani: limfosaiti, zile seli ndogo nyeupe zinazojaa kwenye tezi. Nikiziona za kutosha na hakuna saratani, naandika kuwa tezi imefikiwa na haina saratani. Nisipoziona, naandika sampuli haikutosha, kwa sababu sindano huenda ilikwangua ukuta wa bomba tu. Kwa kawaida huchomwa angalau mara tatu kwa tezi moja. Hospitali nyingine huweka mtaalamu wa seli chumbani, anapaka kioo, anakitia rangi ya haraka na kukisoma papo hapo, akisema "ongeza" au "inatosha". Kama hospitali yenu inayo huduma hiyo, iombeni. Inapunguza safari ya pili. Na kama sindano ikirudi safi wakati picha inatia shaka kubwa, hapo ndipo ule upasuaji wa Carlens unapoingia. Msikubali suala lifungwe kwa tezi moja safi pale CT inapoonesha nne kubwa.

Kabla ya hayo yote, kuna jambo la bei nafuu. Je, kuna daktari aliyempapasa mama yako shingoni, pale juu ya mtulinga, pande zote mbili? Na je, ameshapigwa ultrasaundi ya shingo? Tezi ya pale ikiwa na saratani, inampeleka moja kwa moja kwenye kundi la juu kabisa la tezi, na huchomwa kwa sindano ya kawaida kliniki, bila kulazwa usingizi, kwa dakika chache. Vivyo hivyo maji yakijaa kuzunguka pafu: yakinyonywa na kukutwa seli za saratani, ni hatua ya nne, na EBUS haina tena kazi ya kupanga hatua. Maji hayo huonesha saratani kwa takriban 6 kati ya wagonjwa 10 wenye nayo, kwa hiyo yakirudi safi mara ya kwanza hurudiwa. Inaniudhi kuona mgonjwa anasafirishwa mamia ya kilomita kwenda kutafuta mashine wakati tezi iko shingoni inaonekana kwa macho. Ulizeni hilo kwanza.

Halafu sampuli. Huku kwetu mara nyingi ndugu ndiye anayebeba kichupa kutoka chumba cha kipimo kwenda maabara, wakati mwingine mkoa mwingine kabisa. Ikikupata, hakikisha kimejaa formalini (dawa ya kuhifadhia tishu), si maji wala spiriti, na hakikisha jina, tarehe na namba ya tezi viko kwenye kichupa chenyewe na si kwenye kifuniko. Kipelekwe siku hiyohiyo au kesho yake. Kikikaa kwenye formalini wiki nzima, rangi za utambuzi hazishiki vizuri na vinasaba vinaharibika. Lakini sampuli iliyoingia formalini haioti tena vimelea vya TB. Kwa mama yako, ambaye suala la kifua kikuu halijafungwa, mwombeni daktari atenge mchomo mmoja kwenye maji ya chumvi safi uende kwenye GeneXpert (kipimo cha haraka cha vinasaba vya TB) na uoteshaji. Nasisitiza kwa sababu magonjwa haya mawili yanaweza kukaa kifua kimoja, na tezi iliyo jirani na saratani inaweza kuonesha vinundu vinavyofanana na vya TB bila vimelea wala seli za saratani ndani yake.

Matone yanayobaki kwenye sindano tunayazungusha kwenye mashine, yakaganda, tukayageuza kuwa kipande ndani ya nta. Hicho kipande ndicho hazina yenu. Kutoka kwake tunakata tabaka nyembamba za kutia rangi: TTF-1 ikishika inaelekeza kwenye adenokasinoma (saratani ya seli za aina ya zile zinazotoa ute), p40 ikishika inaelekeza kwenye saratani ya seli bapa, na sinaptofisini hutusaidia kuitambua ile ya seli ndogo, ambayo hutibiwa kwa njia tofauti, kwa kawaida dawa na mionzi bila upasuaji. Mwanamke asiyevuta sigara akikutwa na adenokasinoma, nataka sana kipimo cha mabadiliko ya vinasaba vya EGFR na ALK, kwa sababu mabadiliko hayo hupatikana zaidi kwa watu kama yeye, na yana dawa za vidonge. Bei ya vipimo na dawa hizo ni mazungumzo mengine, magumu. Lakini nta iliyotumika yote kwa rangi zisizo za lazima haiwezi kurudi, kwa hiyo daktari aandike kwenye fomu tangu mwanzo kwamba tunza kwa ajili ya vinasaba. Mkihamia hospitali nyingine, iwe Bugando, Ocean Road ya Dar es Salaam au Nairobi, ombeni nta na vioo pamoja na karatasi ya majibu. Karatasi peke yake haipimiki upya.

Siku ya kipimo chenyewe sina mengi. Hatakula chakula kwa saa sita hivi kabla, anapewa dawa ya kumsinzisha na ganzi ya koo, na wengi hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Makohozi yenye michirizi ya damu na koo kuwasha kwa siku moja mbili ni kawaida. Damu tupu, homa kali, kifua kubana au kupumua kwa shida si kawaida, arudi mara moja. Akiwa anatumia dawa za kuzuia damu kuganda kama warfarin au clopidogrel, aseme siku nyingi kabla ili zisimamishwe kwa mpango, asizikatize mwenyewe. Kulinganisha na ile ya mgongoni aliyoivumilia, hii ina hatari ndogo zaidi: ya mgongoni huvujisha hewa kwenye kifua kwa takriban mgonjwa mmoja kati ya watano, ingawa wachache tu huhitaji mpira wa kuitoa. Tezi zikionekana zina saratani, atahitaji pia picha ya ubongo kabla matibabu hayajapangwa.

Umeandika, kwa pembeni, kwamba mama hajaambiwa mnachotafuta. Fomu ya ridhaa ataisaini yeye, akiwa na akili zake timamu. Na kwenye kipimo hiki ataambiwa atulie wakati mpira unapita kooni na mwili wake unataka kukohoa. Mtu asiyejua kwa nini anafanyiwa hivyo huushika mpira kwa mkono, kipimo kinakatishwa na sampuli inakuwa haitoshi kwa mara ya pili. Akae na baba mdogo, wote wawili, daktari awaeleze kabla ya siku ya kipimo, na yeye ndiye awe wa kwanza kuuliza maswali.